Viongozi wa Mordheim ninaowakubali zaidi, na namna ya kuwapandisha wasife kabla hawajanoga

Wakuu, leo tuongelee bosi wa genge. Kama umeshacheza Mordheim unajua ninachosema, na kama hujawahi, basi kwa kifupi ni gemu ya mezani ya vinyago vidogo na dadu ya kampuni ya Games Workshop iliyotoka 1999, waandishi wake wakiwa Tuomas Pirinen, Alessio Cavatore na Rick Priestley. Mji mzima umepigwa na kimondo ukabaki magofu, humo ndani kuna mawe ya kijani yanaitwa wyrdstone yenye bei mbaya, na kila mtu ana kigenge chake cha watu kumi hivi kinachoenda kuokota na kuchinjana. Unaanza na krauni 500 za dhahabu, unanunua watu, na kila mechi ikiisha wanaobaki wanajifunza kitu. Hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu yule kepteni wa mechi ya kwanza siyo yule wa mechi ya kumi, kama alifika.

Na wengi hawafiki. Nimecheza kampeni za kutosha kwenye meza ya kulia chakula, magofu ya maboksi ya viatu, besi za vinyago ni vizibo vya soda, na kitu nilichokiona tena na tena ni watu wanampa bosi silaha zote, wanamtuma mbele kama faru, halafu mechi ya pili wanazika. Ndiyo maana huu mwongozo unaanza na kumweka hai, kisha ndiyo nakuja kwa wale ninaowapenda. Majina ya skili (uwezo maalumu ambao mtu anajifunza) nayaacha kama yalivyo kitabuni ili ukienda kutafuta uyaone.

Hatua ya 1: elewa kwanini bosi anapanda taratibu

Hili watu hawalisomi. Kepteni anaanza na pointi 20 za uzoefu tayari, kijana mpya wa genge anaanza na sifuri. Ngazi za kupanda kwa mashujaa (bosi na wasaidizi wake wakuu) ziko kwenye 2, 4, 6, 8, 11, 14, 17, 20, halafu 24, 28, 32, 36, 41, 46, 51 na kuendelea hadi 90. Yaani kijana anapanda kila akipata pointi mbili, bosi wako anahitaji nne, baadaye tano, baadaye sita. Na pointi zenyewe zinapatikana hivi: moja kwa kutoka hai, moja kwa bosi kama genge limeshinda, na moja kwa kila adui aliyemtoa nje ya mechi. Kwa hiyo mechi nzuri ya kawaida bosi anapata mbili au tatu. Kupanda kwa kwanza ni mwisho wa mechi ya pili hivi. Ukitaka bosi mwenye skili tatu unaongelea mechi kumi na kitu, kwa sababu siyo kila kupanda kunakupa skili, na katika hizo zote lazima awe anapumua.

Sasa akipanda unarusha dadu mbili kwenye jedwali. Ukipata 2 hadi 5 au 10 hadi 12 unachagua skili mpya. Ukipata 6 unarusha nyingine, nusu kwa nusu, nguvu au pigo moja zaidi. Ukipata 7 unachagua mwenyewe, uwezo wa kupigana kwa mkono au wa kupiga kwa mbali. 8 ni wepesi au uongozi, 9 ni uhai au ugumu wa mwili. Piga hesabu uone, katika michanganyiko 36 ya dadu mbili, 16 ni skili na minne tu ndiyo inakupa uhai au ugumu. Maana yake usikae unasubiri kwamba bosi atapata uhai wa pili ndiyo aanze kupigana, hatapata. Ulinzi wake utatoka kwenye skili unazochagua na mahali unapomsimamisha.

Kuna kitu kingine kitamu hapo ambacho nakipenda kuliko vyote. Kila kabila lina kikomo cha kila sifa, na sifa ikishafika kikomo, ukiirusha tena unachukua ile nyingine ya pembeni yake. Binadamu nguvu zake zinaishia 4. Panya-watu wa Skaven nao 4. Shika hilo, tutarudi.

Hatua ya 2: mnunulie kofia, achana na deraya

Najua inauma kuona kepteni mwenye sura ya kishujaa anavaa shati. Lakini hesabu haidanganyi. Deraya nyepesi ni krauni 20 na inakupa nafasi ya kujiokoa ukirusha 6 tu, halafu adui yeyote mwenye nguvu 4 anaifuta kabisa. Deraya nzito ni 50, pesa hiyo unapata mbwa mwitu au mtu na silaha zake. Kofia ya chuma ni krauni 10. Na kofia ndiyo inayookoa maisha, kwa sababu mtu akipigwa hadi uhai uishe unarusha dadu ya jeraha, 1 na 2 kaanguka, 3 na 4 kazimia, 5 na 6 katoka nje. Aliyezimia akifikiwa na adui anatolewa nje bila kurusha chochote. Kofia inakupa nafasi nusu kwa nusu ya kugeuza kuzimia kuwa kuanguka tu, na aliyeanguka ataamka zamu yake aendelee.

Silaha: upanga mkono mmoja (krauni 10, unaweza kuzuia pigo) na rungu mkono wa pili (krauni 3, linazimisha watu kirahisi zaidi). Silaha mbili ni pigo moja la ziada. Krauni 23 jumla na kofia, imetosha. Baada ya mechi ya kwanza mtume shujaa mmoja sokoni akatafute hirizi ya bahati, bei yake 10, unahitaji kurusha 6 au zaidi kwa dadu mbili, mara nyingi inapatikana. Pigo la kwanza litakalompata bosi kwenye mechi, ukirusha 4 au zaidi, halipo. Hirizi ya krauni kumi inashinda deraya ya hamsini, wakati mwingine hii gemu inaongea lugha yetu kabisa.

Hatua ya 3: mechi tatu za kwanza

Bosi anakaa nyuma ya mstari wa mbele, inchi nne hadi sita. Siyo woga. Wenzake waliopo ndani ya inchi 6 wanatumia uongozi wake kwenye testi, kwa hiyo akiwa hapo katikati anafanya kazi mbili bila kuguswa. Genge likipoteza robo ya watu lazima urushe dadu mbili usizidi uongozi wake au wote mnakimbia. Uongozi 8 unapita mara 26 katika 36. Uongozi 7 mara 21. Bosi akiwa kalala nje, unatumia uongozi wa anayefuata, ndiyo unaelewa kwanini adui anamtafuta.

Kupigana anapigana, ila aje kumalizia. Mwache mtu wa mkuki au mbwa aanzishe, adui akianguka kwenye zamu yake mwenyewe, zamu yako inayofuata bosi anaingia kabla hajaamka, kwa sababu aliyelala anapigwa bila kukosa na jeraha likipita tu anatoka nje, na pointi inaandikwa kwa bosi. Ni unyonyaji, naam. Wapambe hawalalamiki.

Kitu cha mwisho kwenye hatua hii, usimvamize bosi peke yake. Mtu anayepigana na maadui wawili au zaidi bila mwenzake ndani ya inchi 6 lazima apime uongozi mwisho wa mapigano, akifeli anatoa mgongo, na mgongo unapigwa. Hata kabla ya kufa kuna hasara nyingine ambayo watu wanaisahau, shujaa aliyetolewa nje harushi dadu ya kutafuta mawe baada ya mechi. Bosi chini maana yake pesa chini.

Hatua ya 4: mpangilio wa skili

Kanuni yangu ni moja, skili ya kwanza ya kulinda, ya pili ya kazi yake, ya tatu ya pesa au starehe. Za kulinda ninazozitegemea ni mbili: Step Aside, ambayo kwenye mapigano ya mkono inakupa nafasi ya kukwepa kwa 5 au 6 na hakuna nguvu inayoipunguza, na Dodge, hiyo hiyo ila kwa mishale, risasi na mawe ya kombeo. Kama kijiweni kwenu watu wanapenda kupiga kwa mbali anza na Dodge. Kama ni watu wa kugongana anza na Step Aside. Watu wanaanza na Mighty Blow kwa sababu inafurahisha, nami nilikuwa hivyo hivyo, sasa hivi siwezi.

Haya, twende kwa wenyewe.

Kepteni wa Middenheim

Huyu ndiye namba moja wangu, na sababu ndiyo ile niliyokwambia uishike. Mamluki wote wa kibinadamu wanaanza sawa, kepteni krauni 60, mapigo moja, uhai moja, uongozi 8. Lakini ukichagua kwamba genge lako linatoka mji wa Middenheim, kepteni na mabingwa wake wanaanza na nguvu 4 badala ya 3. Na 4 ndiyo kikomo cha binadamu! Kwa hiyo kila ukirusha 6 kwenye jedwali la kupanda, nguvu imejaa, unachukua pigo. Bosi mwingine anapata nusu kwa nusu, huyu ni uhakika. Mechi kumi baadaye, dadu zikikubali, una jamaa wa mapigo matatu plus silaha ya pili, anakata watu kama mtu anayefyeka shamba.

Mpangilio: Step Aside kwanza. Kisha Mighty Blow, ambayo inamwongezea nguvu moja kwenye mapigano ya mkono, anakuwa 5, na kwa 5 dhidi ya mtu wa ugumu 3 unajeruhi kwa 2 kwenda juu. Hapo mpe shoka mbili badala ya upanga, kwa sababu nguvu 5 inapunguza deraya na shoka linaongeza kupunguza. Ya tatu Pit Fighter, anapigana vizuri zaidi na anapata pigo la ziada akiwa ndani ya majengo na magofu, na hebu angalia meza yako, kuna nini kingine zaidi ya magofu? Kuna wanaosema Strongman na nyundo ya mikono miwili ni bora, maana inafuta ile adhabu ya kupiga mwisho, na kweli nguvu 6 inatisha. Ila unapoteza pigo la silaha ya pili na mimi ni mtu wa dadu nyingi.

Udhaifu wake: inchi nne za mwendo tu. Ukiwa na haraka atakuvunja moyo.

Vampaya

Kila mtu anamtaka na ninaelewa. Krauni 110, mwendo 6, nguvu 4, ugumu 4, uhai mbili, mapigo mawili, anatisha, hatishiki, sumu haimwingii, na akizimia anahesabiwa kaanguka tu. Siku ya kwanza tu tayari ni bosi aliyepandishwa. Kikomo chake pia kiko mbali sana, nguvu hadi 7, uhai hadi 4, kwa hiyo hakuna kupanda kunakopotea.

Shida ni mchezaji. Vampaya wangu wa kwanza alikuwa anaitwa Mzee Kiza, nilimpaka rangi siku tatu. Mechi ya pili, shemeji yangu anacheza Skaven, nikamwona panya mmoja kasimama peke yake kwenye ukingo wa ukuta, inchi kumi na moja, nikasema huyu wangu. Mzee akaruka, akamla panya, vizuri kabisa, halafu zamu ya shem ikaja na makombeo sita yalikuwa nyuma ya pipa, na kombeo ukiwa karibu linarushwa mara mbili. Dadu kumi na mbili jamani. Uhai mbili siyo mwingi kama unavyosikika. Kwenye jedwali la majeraha nikarusha 1 na 3, na 11 hadi 15 ni kifo. Shem akasema "pole shem", hata hakucheka, na ndiyo iliuma zaidi.

Kwa hiyo kwanza, genge la kumzunguka. Hili limenifanyia kazi: Vampaya na upanga, rungu na kofia, 133. Mchawi wa wafu 35. Vibaraka watatu 60. Mbwa mwitu wawili 100. Zombi wanne 60. Ghoul (wala maiti) wawili 80. Jumla 468, zinabaki 32 za kununulia vibaraka pinde na rungu. Watu 13, kwa hiyo hupimi kukimbia hadi wa nne atoke, na zombi wapo kwa ajili ya kusimama njiani tu. Jambo la kuangalia ni kwamba zombi hawaruhusiwi kwenda mbio na Vampaya anaruhusiwa, ukijisahau zamu moja tu bosi yuko kule na jeshi liko huku. Mbwa ndiyo wa kwenda naye, mwendo wao 9. Wao wafike kwanza, wafunge wapigaji wa mbali kwenye mapigano, Mzee afuate.

Skili: Dodge. Sitaki mjadala hapa, nimeshazika. Halafu Step Aside, halafu ndiyo Sprint, inayomfanya akimbie au avamie mara tatu ya mwendo wake badala ya mbili, inchi 18. Ukimpa Sprint kabla ya Dodge unajichongea jeneza. Battle Tongue ile ya kuongeza umbali wa uongozi waachieni wengine, viongozi wa wafu hawaruhusiwi.

Kepteni wa Reikland, mpigaji

Wengi wanaliona genge la jimbo la Reikland kama la kujifunzia, mimi naona ndiyo bosi salama kuliko wote. Uongozi wake unafika inchi 12 badala ya 6, kwa hiyo hana sababu ya kuwa karibu na ugomvi. Mpe krosibo (upinde wenye kifyatuo), krauni 25, inafika inchi 30 kwa nguvu 4, kasoro yake ukitembea hupigi. Mpandishe ghorofa ya kwanza ya gofu lenye kuona njia kuu, akae.

Skili ya kwanza hapa navunja kanuni yangu, chukua Quick Shot, risasi mbili kila zamu kwa upinde au krosibo. Kama yupo juu na mbali, umbali ndiyo kinga yake. Baada ya hapo Dodge, kisha Trick Shooter inayopuuza kujificha kwa adui, kisha Eagle Eyes inayoongeza inchi 6. Ukirusha 7 chukua kupiga kwa mbali kila mara, akifika 5 anapata kwa 2 kwenda juu kabla ya makato. Wengine wanachukua Nimble wakidhani watatembea na kupiga mara mbili, haiwezekani, kitabu kinakataza kuunganisha na Quick Shot, soma.

Halafu usimsimamishe ukingoni! Aliyeanguka au kuzimia akiwa ndani ya inchi moja ya ukingo anapima wepesi, akifeli anadondoka. Nimeona makepteni wa dhahabu wakifa kwa ngazi, siyo kwa panga. Inchi mbili nyuma ya ukingo, na kijana mmoja chini ya ngazi akilinda.

Muuaji wa Skaven

Krauni 60 tu na mwendo 6, nguvu 4 tayari ni kikomo cha panya, kwa hiyo ile hila ya Middenheim inafanya kazi kwake pia, kila 6 ni pigo. Tena pigo lake linapunguza deraya zaidi kwa asili yake. Kwenye skili za kipekee za Skaven mchukulie Infiltration, anawekwa mezani baada ya wengine, popote adui asipomwona na zaidi ya inchi 12 kutoka kwao. Inachekesha mara tatu za kwanza, baadaye wenzako wanaanza kulinda nyuma na unarudi kwenye kupigana kawaida.

Tatizo lake ni uongozi 7, na ndiyo kikomo cha panya, haupandi kamwe. Genge la Skaven likipoteza robo linakuwa na wasiwasi maisha yake yote. Wingi ndiyo dawa, unaruhusiwa hadi 20, jaza panya wa makombeo ya krauni 2, na shem wangu atakwambia zilizobaki.

Mama Mkuu wa Masista wa Sigmar

Huyu, bosi wa watawa wapiganaji wa mungu Sigmar, nilimdharau miaka. Krauni 70, silaha ya mbali kwenye genge lote ni kombeo tu, nikasema masista hawa watapigwa mishale hadi Noeli. Nikaja kupoteza mara nne mfululizo kwao. Nyundo zao za Sigmar, krauni 15 moja, zinaongeza nguvu na zinazimisha, na Mama Mkuu ana sala ambayo unaipata kwa kurusha dadu mwanzoni. Tofauti na wachawi, mwenye sala anaruhusiwa kuvaa deraya. Ukipata Armour of Righteousness, kuisali unahitaji 9 au zaidi kwa dadu mbili ila ikikubali anajiokoa kwa 2 kwenda juu, ndiyo ile siku unaona genge zima la adui linagonga ukuta. Ukipata Hearts of Steel unaweza kuishi bila kuogopa mtu.

Skili ya kumchukulia mapema ni Utter Determination, ni yake peke yake, inamruhusu kurudia testi ya kukimbia iliyofeli. Kwa uongozi 8 na kurudia, genge linabaki mezani zaidi ya mara tisa katika kumi. Baada ya hiyo Step Aside, Mighty Blow, basi.

Magister na wengine

Magister, bosi wa kundi la Possessed (waliopagawa na mapepo), ni wa wacheza kamari. Ana uchawi mmoja wa kubahatisha, ukiangukia Wings of Darkness anaruka inchi 12 hadi kwa adui na inahesabika kavamia, raha tupu. Skili ya kwanza Sorcery, inaongeza moja kwenye kila jaribio la uchawi. Hawezi kuvaa deraya na kuroga mpaka apate Warrior Wizard, lakini tumeshakubaliana deraya ni upuuzi. Akipanda na kupata skili unaweza kubadilisha na uchawi mpya, ukirudia ule ule unakuwa rahisi zaidi kwa moja.

Kepteni wa Wawinda Wachawi anachukia kila anayeroga, kwa hiyo ni mzuri kama majirani zako wana wachawi, vinginevyo ni kepteni wa kawaida mwenye kofia nzuri. Marienburg wanaanza na krauni 600, genge zuri sana, bosi wa kawaida.

Hatua ya 5: siku atakapotolewa nje

Itafika. Unarusha dadu mbili, ya kwanza makumi. 11 hadi 15 kafa, ni nafasi tano katika 36. 41 hadi 55 kapona kabisa. Kati yake kuna vilema vya kila aina, na hapa ndipo uamuzi wa bosi unapokuja. Jeraha la mguu kwa Middenheim mwenye mwendo 4 ni karibu kumstaafisha. Jicho moja kwa mpigaji wa Reikland linauma lakini vumilia, akipoteza la pili ndiyo basi. Mkono ukiumia uwezo wa kupigana unashuka, unarudishwa na 7 moja. Kuna mengine yanakupa faida, 62 na 63 haogopi tena, 64 sura imeharibika hadi anatisha watu, na 65 anauzwa uwanja wa mapigano, akishinda anarudi na krauni 50 na pointi mbili.

61 katekwa. Hapo unalipa au mnabadilishana mateka, na ujue umetekwa na nani, wafu wanaweza kumfanya zombi, Possessed wanaweza kumtoa kafara na bosi wao akapata pointi. Jirani yako mwenye Possessed akikwambia "lete ofa tu ndugu yangu", leta ofa nono.

Akifa, shujaa mwenye uongozi mkubwa anachukua kiti. Kwa Vampaya ni mchawi wa wafu. Kwa hiyo tangu mechi ya tatu lea mrithi, kwa mamluki ni bingwa mmoja, uongozi wake 7, umpe kumalizia watu pia. Na yeye anapanda haraka kuliko bosi, kumbuka zile ngazi.

Hatua ya 6: kinyago kifanane na alipofika

Hii ni starehe ila usiiruke. Wakati wa kumwunganisha bosi, mikono usiigandishe kwa gundi ya supa, tumia ile gundi laini ya kubandikia mabango ukutani, au kisumaku kidogo kama unacho. Akipata shoka la pili unabadilisha mkono. Akipata kovu, chora kwa wembe na rangi nyekundu iliyokolezwa kahawia, siyo nyekundu tupu inaonekana ketchapu. Hirizi mfungie uzi shingoni wenye tone la gundi. Karatasi yake iandike kwa penseli, sifa zinabadilika kila wiki, na pembeni andika aliyemtoa nje kila mara. Ya Mzee Kiza bado ninayo kwenye boksi, kwenye ile nafasi imeandikwa "makombeo, shem", na kinyago chenyewe sasa hivi kinatumika kama mchawi wa kukodi baada ya kukatwa kichwa na kubandikwa kingine.